Ahadi Tatu za Kisu cha Daktari wa Macho

Katika vijiji vingi vya Kenya yuko mzee aliyepofuka kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Watoto wake wamekwisha kumsihi mara nyingi aende hospitali, naye hukataa. Akiulizwa sababu, hutoa jibu moja tu: "Fulani alipasuliwa jicho, na mpaka leo haoni." Jibu hilo lisichekwe, wala mzee huyo asiitwe mjinga. Yawezekana kweli fulani alipasuliwa, na kweli haoni. Lakini je, alipasuliwa kwa ugonjwa gani? Jicho lake lilikuwa katika hali gani kabla ya siku hiyo? Na baada ya kurudi nyumbani, lilitunzwaje? Kabla maswali hayo matatu hayajajibiwa, habari za fulani hazimfai mzee huyu, wala haziwezi kumwongoza.

Yafaa ijulikane kwanza ya kwamba kupasuliwa jicho si jambo la namna moja. Ziko operesheni tatu zifanywazo sana katika nchi hii, na kila moja ina ahadi yake. Operesheni ya mtoto wa jicho huahidi kurudisha nuru iliyozibwa. Operesheni ya presha ya jicho huahidi kulinda ile nuru iliyobaki, wala hairudishi iliyopotea. Operesheni ya kope zilizogeukia ndani huahidi kulizuia jicho lisikwaruzwe zaidi. Mtu aliyepasuliwa kwa ugonjwa wa presha, naye akatazamia ahadi ya mtoto wa jicho, hurudi kwao akisema amedanganywa. Na maneno yake huwafungia njia majirani ambao wangaliweza kuona tena.

MTOTO WA JICHO

Nyuma ya mboni, yaani lile duara jeusi lililo katikati ya jicho, kuna lenzi ndogo iliyo safi kama maji. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye utando wa nyuma uitwao retina. Mtu azeekapo, lenzi hiyo hufanya ukungu, mfano wa kioo cha dirisha wakati wa baridi kali ya Limuru. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Hauletwi na uchawi, wala na kijicho cha jirani. Tena hakuna dawa ya kunywa wala ya kutia machoni iwezayo kuuondoa. Sharti lenzi yenyewe itolewe.

Watu wa kale waliujua ugonjwa huu. Katika Bara Hindi, Arabuni na Afrika ya Magharibi walikuwako waganga waliolichoma jicho kwa sindano, wakaisukuma lenzi ikaanguka ndani. Mgonjwa aliona mwanga papo hapo, na mganga akapokea ujira wake akaenda zake. Kisha jicho lilivimba na kuuma, na wengi walipofuka kabisa. Ufundi huo haujakwisha hata leo katika sehemu nyingine za Afrika ya Magharibi, na madhara yake ni yale yale. Mwaka 1747 daktari mmoja Mfaransa, jina lake Jacques Daviel, alishika njia nyingine: alilikata jicho na kuitoa lenzi nje.

Lakini jicho lisilo na lenzi haliwezi kuukusanya mwanga barabara. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, mgonjwa alipewa miwani yenye vioo vinene mno, ambavyo hukuza vitu kwa kadiri ya robo. Kikombe kilionekana karibu kuliko kilivyo, na mkono ukakikosa. Tena miwani hiyo ikivunjika au ikiibiwa, mwenyewe alirudi gizani siku ile ile.

Shida hiyo ilianza kutatuliwa mjini London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Harold Ridley aliona ya kuwa marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege hawakupata uvimbe mkali kama ilivyodhaniwa; jicho liliivumilia plastiki ile. Mwezi wa Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alianza kazi ya kutia lenzi ya plastiki mahali pa ile iliyoharibika. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi. Hata hivyo jambo lake lilishinda. Tangu mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab mjini Madurai, India, kimetengeneza lenzi hizo kwa bei ambayo hospitali za watu maskini zaweza kuimudu, na siku hizi ni kawaida kutiwa lenzi wakati ule ule wa kupasuliwa.

Kazi yenyewe si ndefu. Mtu mzima hutiwa dawa ya ganzi, jicho huoshwa kwa ayodini, na daktari hukata tundu dogo. Lenzi yenye ukungu hutolewa, na lenzi mpya hutiwa katika mfuko mwembamba uliokuwa ukiishika ile ya zamani. Mara nyingi kazi hii haifikii nusu saa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile au siku ya pili. Hufanywa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mjini Nairobi, Hospitali ya Kikuyu, Hospitali ya Macho ya Sabatia katika kaunti ya Vihiga, Kituo cha Macho cha Kwale, na katika hospitali nyingine nyingi za kaunti.

JINSI MATOKEO YANAVYOPIMWA

Daktari mwema hatosheki na maneno "naona kidogo." Humweka mgonjwa mita 6 mbele ya ubao wa herufi. Mwenye macho mazima husoma mstari uandikwao 6/6. Mtu aliyeandikiwa 6/18 huona akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 18. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo ya kwamba, katika kila macho 100 yaliyopasuliwa kwa mtoto wa jicho, 80 au zaidi yafikie 6/18, na yale yatakayobaki chini ya 6/60 yasifike 5. Siku hizi kipimo kimeinuliwa, na matokeo mema huhesabiwa kuanzia 6/12.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, walio wengi huona vema, tena vema sana. La pili, hata penye kazi nzuri wako wachache wasioona. Anayewaficha watu habari za wachache hao hawasaidii, kwa maana habari hizo zitafika kijijini kwa njia nyingine, nazo zitafika zimeongezwa chumvi. Heri zielezwe sababu.

SABABU NNE

Sababu ya kwanza ni ugonjwa mwingine uliokuwamo jichoni tangu mbele. Kisukari chaweza kuwa kimekwisha kuiharibu retina. Presha ya jicho yaweza kuwa imekwisha kuukausha mshipa uchukuao habari kwenda kwenye ubongo. Au kovu la zamani laweza kuwa limefunika utando wa mbele. Hapo dirisha limesafishwa, lakini mtazamaji aliyemo nyumbani ni mgonjwa. Ndiyo maana daktari hupima sukari na presha, na kulimulika jicho kwa taa ili aone kama linauhisi mwanga. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza mapema: "Je, baada ya kupasuliwa, natazamia kuona kiasi gani?"

Sababu ya pili ni ajali katika kupasua. Ule mfuko wa lenzi ni mwembamba kupita karatasi ya sigara. Ukichanika, ute uliojaa nyuma yake huja mbele, kazi huwa ngumu, na pengine lenzi mpya haiwezi kukaa mahali pake. Mkono wenye mazoezi hupunguza ajali hii, lakini haiwezi kukomeshwa kabisa. Hapa wagonjwa nao wana sehemu yao. Zamani watu waliambiwa, "Ngoja mpaka liive." Shauri hilo lilifaa kwa ufundi wa nyakati zile. Siku hizi kungoja ni hasara, maana mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi huwa mgumu, na kumtoa huwa na hatari kubwa zaidi. Pengine lenzi iliyooza huvuja ndani ya jicho, presha ikapanda kwa maumivu makali, na mshipa wa jicho ukafa kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Sababu ya tatu ni kukosa miwani. Yule mgonjwa wa kwanza wa Ridley alitiwa lenzi isiyolingana na jicho lake, akawa haoni mbali bila miwani. Kwa sababu hiyo urefu wa jicho hupimwa kwa mashine kabla ya kuchagua lenzi. Hata hivyo, tofauti ndogo huweza kubaki. Tena lenzi iliyotiwa kwa kuonea mbali haijikunji kama lenzi ya kijana, na kwa hiyo wengi huhitaji miwani ya kusomea, kuchambulia mchele au kutungia uzi kwenye sindano. Mtu asiyerudi kupimwa miwani hudhani amefika mwisho wa nuru yake, kumbe amefika katikati ya safari.

Sababu ya nne ni maradhi yatokeayo baadaye, nayo yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo mgonjwa na jamaa zake huweza kuokoa jicho au kulipoteza.

SIKU ZA KWANZA, NA MIEZI INAYOFUATA

Baada ya kupasuliwa, jicho huweza kutoa machozi na kuwasha, kama kwamba lina punje ya mchanga. Hayo ni ya kawaida, mradi yapungue siku hata siku. Jambo la kuogopwa ni maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, kope kuvimba, au nuru kufifia baada ya kuwa nzuri. Dalili hizo, hasa katika juma la kwanza, zaweza kuwa ni vijidudu vilivyoingia na kufanya usaha ndani ya jicho.

Ugonjwa huu huwapata watu wachache mno, kadiri ya mmoja katika kila elfu, lakini ndio unaoogopwa na madaktari wote wa macho. Ili kuuzuia, ngozi na jicho huoshwa kwa ayodini kabla ya kukatwa. Na uchunguzi mkubwa uliofanywa Ulaya na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha ya kuwa dawa ya kuua vijidudu, ikidungwa ndani ya jicho mwisho wa kazi, huupunguza sana. Ukitokea, dawa yake ni kudungwa sindano ndani ya jicho bila kukawia. Hapa wakati huhesabiwa kwa saa. Mgonjwa aliyeanza kuumwa usiku wa Ijumaa asingoje Jumatatu, wala asingoje siku aliyoandikiwa kwenye kadi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili hakuna ukuta uwezao kujengwa, maana jicho lililokufa halifufuki.

Mambo ya kufanya nyumbani ni machache. Dawa ya matone itiwe kwa saa zilizoamriwa mpaka siku ya mwisho, ambayo kwa kawaida huwa baada ya majuma manne au zaidi kidogo, hata kama jicho limekwisha kuona vizuri. Anayeitia dawa anawe mikono kwa sabuni, wala mdomo wa chupa usiguse jicho. Jicho lisifikichwe. Usiku lifunikwe kwa kile kikinga lililopewa hospitalini. Kichwa kisitumbukizwe mtoni wala ziwani. Mama aliyepasuliwa asikae kwenye moshi wa jikoni, wala asibebe kuni au mtungi wa maji kwa majuma ya kwanza. Wakwe na wajukuu wamshike kazi. Maziwa ya mama, asali, maji ya majani na dawa za waganga visitiwe kamwe, kwa kuwa vyaweza kuingiza vijidudu katika kidonda au kuunguza utando wa mbele.

Miezi au miaka ikipita, watu wengi kidogo huanza kuona ukungu tena. Husema, "Mtoto wa jicho amerudi." Harudi, lenzi ya plastiki haifanyi ukungu wa namna ile. Ni ule mfuko wa lenzi uliobaki ndio unaofanya utando upande wa nyuma. Daktari huutoboa kwa mwanga mkali uitwao leza, bila kisu, kwa dakika chache, na nuru hurudi. Ni jambo la kusikitisha kwamba wako watu wanaokaa vipofu kwa kukosa tu dakika hizo.

Hatari nyingine, isiyo ya mara nyingi, ni retina kubanduka. Mgonjwa huona vimulimuli kama umeme, au chembe nyeusi nyingi zikielea, kisha kivuli kama pazia kikishuka upande mmoja. Haumwi, na kwa sababu hiyo hudharau. Huyu naye asilale nyumbani siku ya pili. Yafaa apelekwe penye daktari bingwa mara moja.

MTOTO MCHANGA

Wako watoto wanaozaliwa na ukungu katika lenzi. Habari zao ni tofauti na za wazee. Mzee aliyekaa gizani miaka mitano huweza kuona tena, kwa sababu ubongo wake ulijifunza kuona zamani. Mtoto hajajifunza. Ikiwa mwanga hautafika kwenye retina katika miezi ya kwanza, ubongo wake hautajua kuona, hata kama jicho litasafishwa baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito hupasuliwa akiwa na umri wa majuma, wala haifai kungoja mpaka aanze shule. Kisha atahitaji miwani, na kuangaliwa mara kwa mara kwa miaka mingi, maana jicho lake linakua.

Mama anyonyeshaye akiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, aende hospitali upesi kwa sababu nyingine pia: weupe huo huweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa hutibika, ikicheleweshwa huua.

AHADI YA PILI: PRESHA YA JICHO

Ndani ya jicho hutengenezwa maji ambayo sharti yatoke. Njia yake ikiziba, presha hupanda na kuukandamiza mshipa wa nyuma. Katika Waafrika ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi, tena huanza mapema kuliko katika watu wengi wengine. Haumi. Huanza kuila nuru ya pembeni, na mgonjwa hutambua siku anapogonga mlango au kukanyaga kuku. Nuru iliyopotea kwa njia hii hairudi, kwa dawa wala kwa kisu.

Hutibiwa kwa dawa za matone kila siku ya maisha, au kwa operesheni ya kufungua mfereji mdogo wa kupitishia maji, ambayo ilielezwa na daktari John Cairns wa Cambridge mwaka 1968. Operesheni ikifaulu, mgonjwa haoni zaidi ya alivyoona jana. Pengine kwa majuma machache huona hafifu zaidi. Faida yake ni kwamba baada ya miaka kumi bado atakuwa na nuru aliyokuwa nayo. Madhara yake ni haya: mfereji huweza kuziba kwa kovu, presha ikapanda tena, au maji yakatoka kupita kiasi, jicho likalegea, au mtoto wa jicho akakua upesi, au vijidudu vikaingia katika mfereji hata baada ya miaka. Kwa hiyo mgonjwa huyu hana siku ya kusema, "Nimemaliza." Na kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo, ndugu zake na watoto wake nao wapimwe.

AHADI YA TATU: KOPE ZILIZOGEUKIA NDANI

Katika sehemu kavu za nchi, kama Turkana, Baringo, Narok na Kajiado, ugonjwa wa trakoma umewasumbua watu kwa miaka mingi. Mtu aliyeugua mara nyingi tangu utoto hupata makovu ndani ya ukope. Makovu hayo huuvuta ukope ukageukia ndani, na nywele zake zikakwaruza jicho kila anapopepesa. Wengi hubeba koleo ndogo ya kuzing'olea.

Operesheni hugeuza ukingo wa ukope utazame nje. Ni fupi, na huweza kufanywa hata katika zahanati na mtumishi wa afya aliyefundishwa vema. Ahadi yake ni kukomesha maumivu na kuokoa sehemu ya jicho iliyo nzima. Kovu jeupe lililokwisha kukaa juu ya mboni halitaondoka. Kwa watu si wachache, kope hurudi tena kukwaruza baada ya miezi au miaka. Kurudi huko si dharau ya daktari wala laana, na ukope huweza kupasuliwa mara ya pili. Kunawa uso, vyoo, na dawa ya kuua vijidudu kwa watoto ndivyo vitakavyowaepusha na kisu.

KUMRUDIA FULANI

Mabibi na Mabwana, sasa yafaa kumrudia yule fulani ambaye habari zake humtisha mzee. Asiachwe akae mlangoni mwa nyumba yake kama ushahidi wa kuwaogopesha wengine. Mtoto au mjukuu amchukue hospitalini, aseme: "Huyu alipasuliwa mwaka fulani, na haoni." Huenda akakutwa na utando nyuma ya lenzi, uondolewao kwa leza. Huenda akahitaji miwani tu. Huenda ikaonekana kwamba alipasuliwa kwa presha, na kwamba nuru kidogo aliyo nayo ingalikwisha kupotea kama asingalipasuliwa. Na ikiwa kweli jicho lake limekufa, liko la pili, ambalo halina budi kulindwa.

Naye mzee aliyekataa aambiwe ukweli wote: ya kwamba walio wengi huona, ya kwamba wachache hawaoni, na ya kwamba sababu nyingi za wachache hao zaweza kuzuiwa kwa kuwahi, kwa usafi, na kwa kurudi hospitali siku ile ile maumivu yanapozidi. Akiisha kuelezwa hivyo, na aulize maswali yake yote kwa daktari. Kisha mjukuu aliyekuwa akimshika fimbo ya kumwongoza huenda akapata nafasi ya kurudi shuleni.